Makapi ya Popo

Wajukuu wangu wanalalamika tangu asubuhi kwamba popo wamechafua benchi. Kweli wamechafua. Benchi liko chini ya mpera, mapera yameiva, na jana jioni kila popo wa Mpanda mwenye akili zake alikuja kula kwangu. Wameacha mapera yaliyong'atwa upande mmoja, yameanza kuchacha, na harufu yake imejaa uani mpaka inaingia sebuleni. Wameacha pia vile vidonge vya makapi, vikavu, bapa, vina alama ya kaakaa la aliyevibana. Mjukuu mmoja akaja na fagio. Nikamwambia aache. "Bibi, huu ni uchafu," akasema. Nikamjibu uchafu ni wake yeye ambaye hajaoga, makapi yangu ayaache hapo hapo.

Juzi tulimaliza arobaini ya mama. Watu wameshaondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, amebaki mgeni mmoja tu ambaye sitamtaja sasa hivi, maana nikimtaja nitakasirika kabla ya wakati. Nilipokuwa peke yangu pale kwenye benchi niliokota kidonge kimoja nikakinusa. Aka! Papo hapo nikawa mtoto wa kijiji cha Kasokola, nimechuchumaa chini ya mpera mwingine kabisa, roho inaniuma kwa wivu hadi meno yanawasha.

Nisiwafiche nyie mnaolingana nami kwa umri, maana mkinitazama tu mtajua. Nilikuwa mtoto mwenye wivu, nimekuwa mtu mzima mwenye wivu, na sasa ni bibi mwenye wivu. Watu husema wivu unaisha ukizeeka. Wangu haukusikia hiyo habari.

Lakini nilikuwa na sababu. Kabla yangu mama alizika watoto, na baada yangu akazika tena, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nyumba nzima. Ukoko wa ugali ulikuwa wangu. Kichwa cha samaki kilikuwa changu. Kwenye kitanda cha kamba nililala nyuma ya mgongo wa mama, pua yangu katikati ya mabega yake, nikisikia harufu ya moshi na ya ugoro wake. Kijiji kizima kilimwita Mama Yustina, na Yustina ni mimi. Mtu akiita jina hilo kule kisimani tuligeuka wote wawili. Niliona dunia imepangwa vizuri sana.

Ilikuwa kabla serikali haijatupanga kwenye mistari ya kijiji cha ujamaa, na pori la miyombo lilianzia nyuma ya choo chetu. Baba alilima mahindi na tumbaku kidogo, na msimu wa asali aliingia porini na wenzake kushusha mizinga. Miaka ile walikuwa wamefika wale watu waliokimbia Burundi, wamepewa pori kule Katumba wafyeke wakae. Baba alikuwa akipeleka huko vipande vya mihogo ya kupanda kwa baiskeli, na akafahamiana na mtu mmoja mpole aitwaye Melkiori. Mke wa Melkiori alifia njiani. Alibaki na binti mmoja, na alikuwa akikata miti mchana kutwa huku binti amelala chini ya turubai, homa inampanda na kushuka.

Siku moja jioni baba akarudi, na kwenye keria ya baiskeli, mahali pa mihogo, amekaa mtoto wa kike amefungwa kwa kitenge asianguke. Ana macho tu. Mengine yote yalikuwa mifupa.

"Mama Yustina," baba akaita, "nimekuletea mgeni. Anaitwa Spesioza. Baba yake anaomba akae hapa mpaka amalize nyumba na mtoto apate nguvu."

Mama alikuwa anatwanga. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaja, akamfungua kile kitenge bila kuuliza neno, akambeba kwenye nyonga. Mtoto mkubwa vile! Alikuwa amenizidi kimo. Nikasema, "Mama, miguu yake inaburuza." Mama hakunisikia. Au alinisikia.

Spesi, ndivyo tulivyokuja kumwita, mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda. Ulimi, ufizi, ndani ya mashavu, kote. Kula hakuweza. Mama akampikia uji, akaunywa kidogo akautapika. Akampaka asali vidondani, asali ile ya baba iliyofichwa kwenye kibuyu, ambayo mimi nilikuwa nalambishwa Krismasi na Pasaka tu. Nilisimama mlangoni nikiangalia kidole cha mama kinaingia kwenye kibuyu na kutoka, kinaingia na kutoka, nikamwambia baba kwamba asali inaisha. Baba akacheka, akasema nyuki bado wapo.

Halafu likaja lile jambo. Uji peke yake haukumpa nguvu, na mahindi mapya yalikuwa bado mabichi shambani, ule wakati ambao kila nyumba inakwangua ghala. Tulikuwa na karanga kidogo, viazi, na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, iliyoletwa kutoka Karema. Mama akakaa kwenye kigoda, akampakata Spesi, akatia karanga mdomoni mwake mwenyewe. Akatafuna. Akatafuna taratibu, muda mrefu, macho yake yakitazama moto. Kisha akatema kitonge laini kiganjani, akakibana kwa vidole, akakiweka kwenye ulimi wa yule mtoto. Spesi akakilainisha kidogo, akameza. Mama akatia karanga nyingine.

Mnajua jambo hili, wengi wetu tuliona mama zetu wakiwafanyia watoto wachanga. Lakini mchanga ni mchanga! Huyu alikuwa na meno, anajua kusema, anajua kujifunga kanga. Na anakaa pajani kwa mama yangu anatafuniwa kama kifaranga. Nilimtazama mama koo. Nilitaka kuona kama atameza walau kidogo, maana na yeye alikuwa na njaa, wote tulikuwa na njaa. Koo halikusogea. Kitonge baada ya kitonge, mama hakumeza kitu.

"Na mimi nitafunie," nikasema.

"Wewe una meno."

"Nina pengo." Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele.

"Pengo la mbele halimzuii mtu kutafuna, Yustina. Kaa chini ule kiazi chako."

Nikakaa chini. Kiazi kilikuwa kikubwa, kizuri, cha kwangu peke yangu, na nilikichukia. Kesho yake nikasema jino linaniuma. Mama akanishika taya, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akachungulia. "Meno ya nyani haya," akasema, "ungeweza kutafuna mzinga wa baba yako na nyuki wake." Baba alicheka hadi akakohoa. Hata Spesi alitabasamu kwa ule mdomo wake mbovu, na Kiswahili alikuwa hajui bado. Alicheka nini, sasa?

Usiku walinihamisha. Kitanda hakikututosha wote, wakasema, na mgonjwa asilale chini kwenye baridi. Nikatandikiwa mkeka upande wa mlango. Mgongo ule wa mama akapewa mwingine.

Sasa niwaambie habari za popo, maana mlidhani nimesahau.

Siwazungumzii wale popo wakubwa wa rangi ya manjano wanaopita kwa makundi na makelele yao. Nazungumzia wale wadogo, kahawia, ambao ukimkunja mmoja anaenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Kule bondeni kulikuwa na kijito, na mama alikuwa na dimbwi lake la kuvundikia mihogo, amelizungushia mawe. Juu ya dimbwi kulikuwa na vichaka vizito, majani mapana, na nyuma yake mkuyu. Watu wazima walipita bila kuona kitu kwa sababu walikuwa warefu. Mimi nilikuwa kimo kile kile cha majani. Siku moja, nikiwa nimetumwa kugeuza mihogo, nilinyanyua jani nikakutana uso kwa uso na popo.

Hakuruka. Alining'inia kwa mguu mmoja, amejifunga mabawa kama mwanamke aliyejifunga kanga asubuhi ya baridi, akanitazama. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto wa mbwa. Macho makubwa, kahawia, yenye maji. Penye shina la masikio alikuwa na manyoya meupe, kishungi huku na kishungi huku, nikadhani ametiwa majivu na mtu. Na pale kifuani, chini ya bawa, kikachomoza kichwa kingine kidogo, nacho kikanitazama. Alikuwa na mtoto. Mtoto amemng'ang'ania kifuani na ziwa mdomoni, na alikuwa mkubwa! Nusu ya mama yake, nawaapia. Kubwa zima, lina manyoya, lina mabawa yake lenyewe, linabebwa.

Nikarudishia jani taratibu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimenyang'anywa asali, kitanda na mgongo, kwa hiyo hiki nikakificha. Kila nilipotumwa kwenye mihogo nilimsalimia, "Hujambo mama kipopo," nikamtazama yule mtoto wake kwa jicho baya.

Jioni, jua likizama, popo hao walikuja kwenye mpera wetu. Tuliwasikia kwanza, sauti kama mtu anayegonga kikombe cha bati kwa kijiko, ting, ting, ting, kutoka upande wa kijito. Walichukua pera, hawakulila pale pale, walienda nalo kwenye tawi la pembeni wakatulia nalo. Asubuhi chini ya tawi hilo ndipo vilipokuwa vile vidonge. Nilivijua siku zote na sikuwahi kuvijali. Lakini sasa, baada ya kumwona mama na karanga zake, nilichuchumaa pale nikavitazama upya. Kimetafunwa. Kimebanwa. Kimetemwa. Kimewekwa chini vizuri.

Nikaelewa yote. Yaani nilidhani nimeelewa. Popo mama anamtafunia mwanae! Anatafuna mapera, hamezi, anaweka kitonge chini, mtoto akishuka anakuta chakula tayari. Hata popo! Mdudu gani huyu ambaye si ndege wala mnyama, naye ana wa kumtafunia, na mimi Yustina, mwenye jina ambalo mama yangu anaitwa kwalo, naambiwa nina meno ya nyani?

Siku hiyo mama alikuwa ametoka kwenda shambani kuangalia mahindi, amembeba Spesi mgongoni. Mgongoni, kama mchanga. Niliwatazama wakipotea kwenye majani, miguu ile mirefu inaning'inia huku na huku, nikarudi chini ya mpera. Nikachagua kidonge kilicho kibichi kuliko vyote, bado kina unyevu. Nikafumba macho. Nikakiweka kwenye ulimi, nikangoja.

Hakikuwa na ladha. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi ya yote. Nilitegemea utamu wa pera, na zaidi ya pera, kitu kingine ambacho Spesi alikuwa akikipata pale pajani hadi anafumba macho. Kilikuwa kama kamba. Nyuzi na mbegu, basi. Nikakilainisha, nikajilazimisha, nikameza. Nikaokota cha pili, labda cha kwanza kilikuwa kibaya.

"Yustina anakula mavi ya popo!"

Alikuwa Joakimu, mtoto wa jirani, juu ya uzio. Nyie mnakumbuka tulivyokuwa tukiambiwa: popo hana tundu la nyuma, kila kitu kinaingilia mdomoni na kutokea mdomoni. Kwa hiyo vile vidonge, kwa watoto wote wa Kasokola, havikuwa makapi. Vilikuwa choo. Nilikuwa najua hivyo na mimi, tangu zamani, na wivu ulikuwa umenisahaulisha.

"Kala mavi ya popo! Kala mavi ya popo! Ataning'inia kichwa chini! Hatakuwa na ukoo!"

Hilo la ukoo ndilo lililonivunja. Walisema popo ndege wanamkataa, wanyama wanamkataa, akifa hana wa kumlilia. Nikajiona wazi kabisa. Tayari nilikuwa nalala mlangoni. Sasa nimekula cha popo, na kesho mama ataniangalia aseme, huyu si wetu. Nililia kilio ambacho walikisikia hadi kwenye mahindi.

Mama alikuja mbio, Spesi akirukaruka mgongoni. Joakimu akamweleza yote, kwa furaha kubwa. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alicheka. Alishika nguzo ya jiko akacheka hadi machozi. Halafu akaniona nilivyo, akanyamaza ghafla. Akakoroga maji ya chumvi, akaninywesha, akanishika paji la uso wakati natapika, akanifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Sasa wewe mtoto, ulikuwa na njaa? Si ungesema?"

"Sina njaa."

"Unataka nini basi?"

Lilikuwa swali zuri. Mama alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ananitazama mimi peke yangu, na ningesema lile neno angetenda, nina hakika. Lakini juu ya bega lake kulikuwa na macho mawili makubwa yananitazama. Nisingesema mbele ya yale macho hata kwa kuchapwa.

"Sitaki kitu," nikasema.

Jioni mama akamtafunia Spesi kama kawaida, mgebuka na kiazi. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. Nikasikia mtu anatambaa, nikageuka. Spesi alikuwa mbele yangu amekunja kiganja, na kwenye kiganja kulikuwa na nusu ya kitonge. Alikuwa amekikata kwa vidole kabla hajakitia mdomoni. Kiswahili hana. Alikisogeza tu.

Nilikipiga kikaruka, kuku akakiwahi.

Msinihurumie na msimhurumie yeye. Spesi alipata vingine. Ninayemsikitikia hadi leo ni mimi mwenyewe, kwa sababu kile ndicho kilichonijia karibu kuliko vyote, na kikaliwa na kuku.

Vidonda vilipona. Mahindi yakakomaa. Spesi akajua Kiswahili, akajua kutwanga, akajua kuvundika mihogo kuliko mimi. Kule kwenye dimbwi sikuwahi kumwonyesha jani lile. Siku moja nilinyanyua nikakuta mama kipopo yuko peke yake, kifua kitupu. Mtoto ameshajua kuruka. Nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Melkiori akaja kumchukua binti yake, amevaa shati safi, amebeba jogoo wa shukrani. Mama akamfungia Spesi karanga kwenye kitambaa. Walipokwisha kupotea njiani mama aliingia jikoni, akakaa kwenye kile kigoda, akakaa hadi moto ukazimika. Usiku nikarudishwa kitandani. Nikasukuma pua yangu katikati ya mabega yake. Alikuwa amelala upande wa pili, amegeukia mahali alipokuwa akilala yule.

Na Spesi hakuisha, ati. Kila mavuno alikuja kutoka Katumba, msichana, halafu mke wa mtu, halafu mama wa watoto, mguu na njia na gunia lake la maharage au karanga, anaingia uani anaita "Mama!" hata hajafika mlangoni. Mama naye anatoka mbio hadi kanga inamdondoka. Mimi niliyekuwa nimekaa naye mchana kutwa sikuwahi kumwona akinikimbilia. Sawa, nilikuwa nimeshafika tayari. Lakini hata hivyo.

Mama alipozeeka nikamhamishia kwangu hapa mjini. Meno yalimwisha. Nyama nilimpondea, karanga nilimtwangia kwenye kinu kidogo. Mchana mmoja, natwanga, yeye amekaa kwenye benchi hili hili, sijui nini kilinipata, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nikasema, "Mama, ungenitafunia hata mara moja tu."

Akasogeza sikio. Nikarudia, kwa sauti. Nikamweleza karanga, na vidonda, na mkeka wa mlangoni, na popo. Nikadhani atacheka tena. Hakucheka.

"We Yustina," akasema, "unadhani ulilelewa na kinu? Nilikutafunia tangu ulipoanza kukaa mpaka ukatembea na kupita hapo. Nilikuwa nimeshazika, nilikuwa naogopa hata uji usikukwame. Ulikuwa unaning'ata kidole, hivi, unataka kingine kabla hujameza. Taya langu lilikuwa linauma hadi kwenye sikio."

"Sikumbuki."

"Utakumbukaje?"

"Ilikuwa na ladha gani?"

"Mimi nitajulia wapi? Chako nilikuwa simezi." Akafikiri kidogo, akinitazama kwa yale macho yaliyoanza kuingia ukungu. "Muulize Spesi. Yeye alikuwa mkubwa."

Sikumuuliza. Nitamuuliza vipi? Mama akafa na mimi sijauliza. Msibani Spesi alilia kwa sauti yake yote, Kirundi na Kiswahili pamoja, akina mama wakamzunguka wakampa pole yeye kwanza, na mimi nikiwa pale pale na ufunguo wa stoo ya mchele mkononi. Hata kufiwa alinitangulia.

Ndiye huyo mgeni aliyebaki. Leo asubuhi alitoka ndani akanikuta kwenye benchi na kidonge cha popo puani. Amenenepa, mvi zimemjaa, na meno yake yote yapo, sijui kwa nini Mungu ana upendeleo. Mimi magego yangu yamebaki kwa daktari. Akakaa karibu nami, akaweka katikati yetu bakuli la karanga alizozikaanga.

"Unakula mavi ya popo tena?" akaniuliza.

Kumbe alikuwa ameelewa siku ile! Miaka yote hii. Nikamwambia si mavi, siku hizi najua. Popo anatafuna pera, anabana maji yake kwa ulimi, anameza utamu wote, anatema yaliyobaki. Hamwekei mtu. Mtoto wake hakuwa anakula vile hata kidogo. Nilikuwa nimekula alichokataa popo.

"Mama hakuwa anameza," Spesi akasema.

"Najua. Nilikuwa namtazama koo."

"Na mimi nilikuwa namtazama."

Tukakaa. Mapera yananuka. Ndani huko wajukuu wanagombania rimoti. Nikamuuliza basi, huku natazama uzio ili nisimwangalie usoni. "Spesi. Ilikuwa na ladha gani?"

"Ya moto kidogo," akasema. "Karanga, na chumvi, na ugoro wake kwa mbali." Akatikisa kichwa. "Haisemeki, dada. Lete mkono."

Alichukua karanga, akatia mdomoni, akatafuna. Taratibu, muda mrefu, macho yake yakitazama mahali ambapo kama kungekuwa na moto angekuwa anatazama moto. Nikamwangalia koo. Halikusogea. Akatema kitonge kwenye vidole, akakibana, akaniwekea kiganjani. Mjukuu mwenye fagio alitokea mlangoni, akatuona, akarudi ndani.

Nikaweka kitonge mdomoni. Nikafumba macho. Nikakilainisha kidogo, nikameza.

"Ndivyo ilivyokuwa?" nikamuuliza.

Spesi akanitazama kwa yale macho yake, yale yale ya juu ya bega.

"Hapana," akasema. "Ya mama ilikuwa tamu zaidi."

Mnamwona alivyo? Angenidanganya angepungukiwa nini? Moyo uliniwaka pale pale, wivu ule ule wa Kasokola, haujapungua hata chembe. Nikamnyooshea mkono tena.